Kivuli Chako Ndicho Kitakachokukata Kidole

Maswali ya wasomaji safari hii yote ni ya taa za jikoni. Nimeyafupisha, ila malalamiko ya wenyewe nimeyaacha yalivyo.

Nifunge balbu ya wati ngapi jikoni?

Swali hili halichoki kuja, na mimi nimeanza kuchoka kulijibu. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaoupata hupimwa kwa lumeni, na idadi yake imeandikwa kwenye boksi, upande ule ambao wanunuzi hawaugeuzi. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800. Balbu ya LED inakupa hizohizo kwa wati 8 hadi 10. Kwa jiko la mita 3 kwa 4, mwanga wa kuonana na kupita bila kujikwaa ni lumeni 2,000 hadi 3,000, zigawanywe kwenye taa zaidi ya moja. Makabati ya rangi iliyokoza yataka zaidi. Pa kukatia pana hesabu yake, soma jibu linalofuata.

Taa yangu iko katikati ya dari na inawaka kama jua, lakini nikikata vitunguu sioni vizuri. Niweke yenye nguvu zaidi?

Hapana! Leo usiku simama kwenye kaunta yako uitazame mikono yako. Taa iko mgongoni, wewe uko katikati, na kivuli chako kimelala juu ya kisu. Ukiongeza nguvu ya taa ileile, kivuli hakihami. Macho ndiyo yanazidi kuumia kila unapogeuka.

Taa moja katikati ya dari ni mazoea ya wajenzi. Wanavuta mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, inapokutana wanatoboa, kazi imekwisha. Anayepika haulizwi anasimama wapi. Ninyi nanyi mnahamia, mnanunua taa ya kupendeza ya kufunga palepale, kisha mnaniandikia.

Dawa ni taa chini ya makabati ya juu. Zifungwe kwenye ukingo wa mbele wa kabati, upande uliosimama wewe. Mafundi wengi huzibandika nyuma kabisa kwa kuwa huko waya unafichika kirahisi. Matokeo yake vigae vya ukutani vinang'aa na ubao wa kukatia unabaki gizani. Sehemu ya kazi inataka laksi 300 hadi 500, yaani lumeni 300 hadi 500 zinazofika kwenye kila mita ya mraba. Kama huna makabati ya juu, weka taa za kuzama darini, zipangwe usawa wa ukingo wa kaunta, sentimita kama 60 kutoka ukutani. Zikikaa juu ya njia ya kupita utakuwa umerudia kosa lilelile, safari hii kwa taa sita.

Taa za kuning'inia juu ya kaunta ziwe urefu gani?

Sentimita 75 hadi 90 kutoka kaunta hadi chini ya taa. Kaa kwanza kwenye kiti chako: ukiiona balbu yenyewe, umechagua kifuniko kibaya.

Vifuniko vyeusi vinapendeza?

Sana. Pia vinameza mwanga.

Nyama inaonekana ya kijivu chini ya taa yangu nyeupe. Ni bora ya njano?

Weupe na unjano ni kelvini: 2,700 hadi 3,000 ni njano tulivu, 4,000 ni nyeupe ya kati, 6,500 inaelekea ubuluu. Kwa jikoni napendelea 3,000 hadi 4,000, na taa zote ziwe namba moja, maana jiko lenye rangi tatu za mwanga linachosha. Lakini nyama yako huenda ina tatizo jingine. Tazama kwenye boksi kipimo cha CRI, kinachoeleza taa inaonyesha rangi kwa uaminifu gani. Juu kabisa ni 100. Nyingi za bei rahisi huishia 80, na wekundu ndio huumia zaidi. Tafuta 90 na kuendelea.

Balbu zangu za LED zinakufa mapema, nazo ziko ndani ya globu ya kioo iliyofungwa. Nimeuziwa feki?

Labda, ila anza na globu. LED haipendi joto, na humo ndani joto halina pa kutokea. Nunua balbu iliyoandikwa kuwa inafaa taa zilizofungwa, au badilisha taa. Ukibadilisha, chagua ya kufutika: karibu na jiko la kupikia, mvuke na mafuta hunasa kila mahali, na ile yenye vioo vidogovidogo vingi utaijutia kila siku ya usafi.

Nikizima, taa inabaki na mwanga hafifu. Ni kawaida?

Mara nyingi ni taa ndogo ya kwenye swichi inayopitisha umeme kidogo. Lakini huenda swichi inakata nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laini (waya unaouleta), na hapo taa ina umeme hata ikiwa imezimwa. Mwite fundi umeme kabla hujagusa balbu, na kama taa ni ya chuma, aangalie waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, umefungwa kweli.

Utepe wa LED chini ya kabati unaonyesha nukta nukta kwenye graniti. Nifanyeje?

Jiwe lililong'arishwa ni kioo. Uingize utepe kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Nukta zitapotea na joto litapata pa kwenda. Transfoma yake, kile kiboksi cha kupunguza nguvu ya umeme unaoingia kwenye utepe, usimwache fundi aifungie nyuma ya kabati lililo juu ya jiko la kupikia. Joto litaiua, na siku ya kuibadilisha itabidi mbomoe kabati.