Ukimkuta mzee usiyemjua uani saa 8 usiku

Mbwa anabweka, mlango unasukumwa bila hodi. Ukitoka unamkuta bibi wa miaka 80 hivi amesimama uani, khanga moja kiunoni, miguu peku, anakuuliza unafanya nini nyumbani kwake. Jirani mmoja akipiga yowe la "mwizi!" au, lililo baya zaidi huku kwetu kusini mwa Tanzania, "mchawi!", bibi huyo anaweza asifike asubuhi. Kwa hiyo neno lako la kwanza lina uzito kuliko yote yatakayofuata. Liwe "Shikamoo bibi."

Salamu hiyo ameitoa na kuiitikia kila siku kwa miaka mingi, na mazoea ya namna hiyo huwa ya mwisho kumtoka mtu. Asiyejua leo ni siku gani, wala jina la mjukuu wake, mara nyingi bado ataitikia "marahaba". Akishaitikia, hofu inapungua pande zote mbili. Akijibu kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, mwite jirani anayeijua lugha hiyo, kwa sababu ugonjwa unaowapoteza wazee namna hii mara nyingi huondoa Kiswahili alichojifunza ukubwani na kuacha lugha ya mama.

Ugonjwa wenyewe ni demensia. Wengi huuita uzee tu, au husema mtu amerudi utotoni, lakini ni maradhi ya ubongo. Mara nyingi kumbukumbu za mambo mapya na uwezo wa kujua njia huondoka mapema, wakati mambo ya zamani bado yamekaa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wazee karibu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Usiku hali huzidi: mgonjwa huamka akidhani kumekucha, na katika mwanga hafifu kivuli cha mgomba huonekana mtu. Tena kwetu choo mara nyingi kiko nje. Anatoka kwenda haja, akimaliza anageukia upande usio wake, na nyumba za mtaa zimefanana, bati lile lile na baraza ile ile.

Na kuwa uchi kuna maelezo yake. Khanga imefunguka njiani naye amesahau namna ya kuifunga, au imelowa mkojo akaivua kwa kuwa inamkera. Macho mekundu, ambayo watu huyaita ya mchawi, mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka 60 jikoni. Waeleze majirani hivyo mara tu wanapoanza kukusanyika, kwa sauti ya utulivu: "Ni bibi mgonjwa, amepotea njia, tunamtafutia watu wake." Usingoje umati ukue. Watu wakishaokota mawe hakuna anayesikiliza maelezo.

Tochi usimmulike machoni. Elekeza chini, kisha jimulike uso wako akuone. Panga na rungu virudi ndani, mbwa afungwe, watoto walale. Simama mbele yake, hatua tatu hivi, pembeni kidogo asione umemzibia njia. Mzee asiyeona wala kusikia vizuri akishikwa kwa nyuma atapigana, na hapo watu husema ana nguvu za kishetani, kumbe ameshtuka tu. Azungumze mtu mmoja peke yake, na kwa bibi afadhali awe mwanamke.

Sentensi ziwe fupi, jambo moja kwa wakati. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yale yale, maana ukiyabadili kwake ni swali jipya. Usimsahihishe. Akisema hapa ni kwake, usimwambie "hapana, hapa kwangu", mwambie "karibu, keti kwanza upumzike." Hujakubali kumpa nyumba, umemkaribisha tu.

Kabla ya maswali yoyote mwonyeshe choo. Kwa wengi safari yote ilianzia hapo, na asiyejisaidia hatatulia. Akiwa amelowa, mpe khanga au shuka kavu bila kulitangaza. Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo na mikono, kwani mkekani au kwenye kigoda kuinuka ni taabu na ndipo anapoanguka. Kiti kielekee mlangoni ili aone pa kutokea. Mpe maji kidogo, funda moja, akiwa ameketi wima. Akimeza bila kukohoa, mpe nusu kikombe cha chai ya vuguvugu au uji. Akikohoa au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha. Korosho, karanga na ugali mkavu usimpe hata akiomba, ni rahisi kumpalia. Wala usimpe dawa yoyote ya nyumbani kwako, hasa ya usingizi.

Ukimuuliza "unaitwa nani, unakaa wapi, watoto wako wako wapi?" kwa mfululizo, atafunga mdomo au atalia, kwa sababu anajua kwamba alipaswa kujua. Pita njia nyingine. Mara nyingi atasema anawahi watoto, amewaacha peke yao. Usimjibu kwamba watoto wake sasa wana mvi. Sema: "Unawawaza watoto. Niambie majina yao." Majina atakayotaja andika yote, pamoja na la mume au mke, la shehe au padri, na la mtu anayemwita kwa hasira. Jina moja la mtoto likimfikia mwenyekiti wa mtaa laweza kuwa na thamani kuliko anwani nzima.

Anwani yake uipokee kwa tahadhari kubwa. Mzee akisema kwao ni Kitangari huenda hajakaa Kitangari kwa miaka 40. Wazee wengi wa huku walihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na nyumbani wanakokutafuta ni mahame, pori tupu sasa. Wengine walivuka mto Ruvuma wakikimbia vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza 1964, nao watakuambia kwao ni ng'ambo. Hivyo usimpakie bodaboda usiku kwenda alikokutaja. Atashushwa mahali asipojulikana, kama hajateleza na kuanguka njiani. Akilazimika kusafirishwa, iwe bajaji au gari, mtu mmoja ameketi naye nyuma.

Wakati huo huo mwenzako ampigie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji kama uko kijijini, ndani ya dakika 15 za mwanzo. Hii inamlinda mzee na inakulinda wewe: kesho asije mtu kusema ulimficha, au kwamba alikuwa na fedha. Usipowapata piga 112, polisi. Mwenyekiti akishafika, angalieni pindo la khanga au mfuko wa kanzu kwa ruhusa yake, mwanamke akifungua kama ni bibi. Wazee wengi hufunga humo ufunguo, kadi ya kliniki au karatasi yenye namba ya simu. Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, ziandikwe, zirudishwe pale pale zilipokuwa.

Mchunguze pia kama mgonjwa wa leo, kwa sababu si kila aliyechanganyikiwa ana demensia. Demensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au leo mara nyingi ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, au sukari iliyoshuka kwa mwenye kisukari. Mwenye demensia naye akipata mojawapo huharibika kwa siku moja. Usingoje asubuhi kama ana homa, jeraha kichwani, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea, anatoka jasho la baridi huku akitetemeka, au anasinzia na ni vigumu kumwamsha. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara mjini na ya Sokoine kwa walio Lindi mjini, na mseme wazi hamjui lini alianza kuwa hivyo.

Asipokuwa na dalili hizo, akae mpaka kuche. Usimfungie. Komeo likilia nyuma yake ataupiga mlango hadi aumie, kwa kuwa anachojua ni kwamba wageni wamemteka. Badala yake mtu mmoja akae karibu na mlango, taa ikiwaka. Akishikilia kuondoka, msimvute: mpe mkono wako aushike mwenyewe, tembea naye ubavuni hatua chache, zungumzeni juu ya mikorosho au mvua, kisha geukeni polepole kurudi. Mara nyingi akifika tena barazani ameshasahau alikokuwa anakwenda.

Picha piga moja ya uso, akiwa amesitiriwa, kwa ajili ya mwenyekiti na polisi tu. Kwenye makundi ya WhatsApp tuma maneno: jinsia, umri wa kukisia, rangi ya khanga, mtaa, na namba ya mwenyekiti. Picha ya mzee akiwa nusu uchi hairudi ikishatoka, na mtu mmoja akiiandikia neno "mchawi" itafika Newala kabla ya jua kuchomoza. Alfajiri omba msikiti utangaze kwa kipaza sauti baada ya swala. Kijiwe cha bodaboda nacho kiulizwe, wale vijana hujua wazee wanaotembea ovyo.

Anayekuja kumchukua usimtajie jina la mzee. Mwache alitaje yeye, pamoja na majina ya watoto uliyoandika. Mzee kutomtambua mwanawe si ushahidi kwamba si mwanawe, na kumchekea mtu si ushahidi kwamba ni ndugu. Mwenyekiti aandike jina, simu na namba ya kitambulisho cha anayepokea.

Kabla hawajaondoka waambie washone namba ya simu kwenye upindo wa khanga au ndani ya kola ya kanzu, wafunge visoda kwenye mlango vilie unapofunguliwa, na waweke taa njia ya chooni. Wasimfungie peke yake ndani, moto ukitokea hana wa kumtoa. Na waonyeshe upande aliotokea na saa aliyofika, kwa sababu aliyepotea mara moja anaweza kupotea tena, na huenda akapita njia ile ile.