Jibu: Kwa nini viwanda vya sufu Marekani vilikaa mitoni?

Mkuu, ni nguvu ya maji. Ndiyo iliyozungusha mashine kabla ya mvuke na umeme kushika kasi. Mji wa Lawrence, Massachusetts, ulijengwa miaka ya 1840 kwa ajili hiyo hasa, mto Merrimack ukawekewa bwawa.

Ila utamu wa historia yake ni 1912. Sheria ya jimbo ilishusha saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 hadi 54 kwa wiki. Matajiri nao, kwa roho zao, wakakata mshahara. Wahamiaji wa mataifa chungu nzima wakagoma Januari, kwenye baridi kali, na Machi wakapata nyongeza.

Viwanda hivyo vya sufu vilikufaje? Nyuzi za kutengenezwa kama nailoni, na wenye viwanda kukimbilia kusini kwenye vibarua wa bei rahisi.