Samaki na bakteria sugu: maswali yenu

Nikimkaanga samaki mpaka akakauka, bakteria sugu si bado wamo?
Hawamo. Ni sugu kwa dawa, sio kwa moto. Nyama ikifika nyuzi 70 mpaka ndani kwenye mfupa wanakufa karibu wote.

Na friza? Na ndimu?
Friza inawalaza tu, wakiyeyuka wanaamka. Ndimu nimeijibu mpaka nimechoka, inakata shombo, basi.

Sasa kama kumpika kunatosha, kelele za nini?
Za mikono yako. Unaparua magamba, yanaruka mpaka kwenye bomba, unatoa matumbo, alafu ubao uleule unaupitishia maji kidogo unakatia nyanya za saladi, samaki anaenda motoni na bakteria wanaenda kwenye saladi ambayo haipikwi. Na wanaweza wasikuumize leo, wakawagawia tu bakteria wa tumboni kwako vile vinasaba vya usugu, siku unaugua kweli unapewa dawa haishiki. Ubao wa samaki uwe wake, na sabuni mnayo.

Nafuga, nachanganya oksitetrasaiklini, ile antibayotiki, kwenye chakula ili wasiumwe. Naacha siku kadhaa kabla ya kuuza, si wako safi?
Nyie ndo mnanipandisha presha. Hizo siku zinaondoa mabaki ya dawa kwenye nyama, haziondoi bakteria ambao wameshakuwa sugu, ni vitu viwili tofauti. Sehemu kubwa ya hiyo dawa samaki haifyonzi, inatoka na kinyesi, na chakula kisicholiwa kinazama kwenye tope, huko bakteria wanaionja kidogo kidogo kila siku, dhaifu wanakufa na sugu wanazaana kwa raha zao. Alafu maji ya bwawa unayafungulia wapi? Wafugaji wa Norwe mwaka 1987 walikuwa wanatumia karibu tani 50 za antibayotiki, wakahamia kwenye chanjo, matumizi yameshuka zaidi ya asilimia 95 na samaki wao wameongezeka mara nyingi. Punguza msongamano, chanja pale chanjo ipo, na dawa iandikwe na daktari wa mifugo kwa samaki mgonjwa, sio mzima.

Basi nile wa kuvuliwa tu?
Inategemea maji taka yanamwagwa wapi.

Nimekula samaki nimeharisha, nimeze vidonge vya antibayotiki nilivyobakiza?
Usimeze! Kunywa maji ya ORS, ile pakiti ya chumvichumvi ya wanaoharisha, ukiona damu au homa kali nenda hospitali. Hivyo vidonge rudisha duka la dawa, na usivitupe chooni, maji ya choo yanaishia kwa haohao samaki.