Krismasi na begi la mgongoni Sevilla: acheni kusubiri kualikwa

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti anayesoma Poland. "Dada, bweni zima wanaenda kwao, nabaki mimi na mlinzi. Nina yuro mia tatu. Nijifungie nilale mpaka Januari, au kuna namna?" Nilikuwa kwenye tramu natoka zamu ya usiku, nikausoma mara tatu. Sikuweza kumjibu kwa mstari mmoja, maana huyo binti nilikuwa mimi. Basi namjibu hapa, na wewe mwenye swali kama lake soma.

Namna ipo, mdogo wangu. Ila kwanza nikueleze nilikotoka.

Mimi ni wa Kibosho, Kilimanjaro. Anayetujua anajua Desemba kwetu ikoje. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, nauli inapanda, na watu wanapanda nayo. Mbuzi anachinjwa, kisusio, supu ya mbuzi na damu yake, kinapikwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inanyweka, watoto mliowaacha wanatambaa mnawakuta wanakimbia kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Asiyefika anaulizwa. Asiyefika miaka miwili mfululizo anaanza kusemwa.

Krismasi yangu ya kwanza Ujerumani nilialikwa na ndugu anayeishi mji mwingine. Alinialika tangu Oktoba. Nikanunua zawadi za wanawe, nikamwekea na kitenge nilichokuja nacho kutoka nyumbani, ambacho mwenyewe sikuwa nimekishona. Siku mbili kabla ya safari akaniandikia kwamba wageni wamezidi, tutapanga siku nyingine. Siku hiyo haijapangwa mpaka leo. Tarehe 25 nilikula tambi chumbani Leipzig. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshatanda. Mama akapiga simu ya video, simu ikazungushwa kwa ukoo mzima, kila mmoja ananiuliza umekula nini, nami najibu nimeshiba. Kitenge kile kiko kabatini. Sijakishona wala sijampa mtu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, mwenzangu wa kazini akaangalia ratiba ya zamu akaniambia, "Shoga, mimi na wewe tuko huru tarehe 23 mpaka 27. Tutoke." Yeye ni wa Tanga, Mwislamu, na tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Jina simtaji, hapendi mambo ya mitandaoni. Nikamuuliza tutoke twende wapi. Akasema, "Penye jua."

Hilo neno lake ndilo ushauri wangu mkubwa kuliko wote. Wengi wetu tukiwaza Krismasi ya Ulaya tunawaza theluji na masoko ya taa. Ni mazuri, lakini baridi ina gharama. Kila baada ya nusu saa unaingia mgahawani kununua kahawa usiyoitaka ili upate joto tu. Penye jua unakaa kwenye benchi na mkate wako, na hakuna anayekudai. Sevilla, kusini mwa Hispania, mwezi wa Desemba mchana hufika nyuzi 16 au 17. Kwa mtu aliyetoka Leipzig hiyo ni kuvua koti na kulifunga kiunoni.

Tulikata tiketi septemba ileile, yuro 94 kila mmoja kwenda na kurudi kutoka Berlin, bila mzigo zaidi ya begi la mgongoni linaloingia chini ya kiti. Hosteli ya chumba cha watu wanane, yuro 22 kwa usiku. Pasipoti na kadi ya ukaazi mkononi. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani, unaruhusiwa kutembelea nyingine hadi siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo wa Poland huna haja ya viza ya Hispania. Ila usiiache pasipoti nyumbani ukidhani kadi peke yake inatosha.

Tulipotoka kwenye basi la uwanja wa ndege mwenzangu alisimama ghafla njiani. Mitaa ya Sevilla imepandwa miti ya michungwa kushoto na kulia, na Desemba yote imeiva, rangi ya dhahabu juu ya kijani. Akaokota moja lililoanguka, akalikwaruza ganda kwa ukucha, akalinusa. "Shoga, hili si chungwa. Hili ni danzi!" Kweli ni danzi, chungwa chungu, lilelile ambalo bibi yake Tanga alikuwa akilikamulia kwenye samaki. Wenyeji hawayali ya barabarani, na mengine hupelekwa Uingereza kutengenezwa jemu. Siku hiyohiyo tukaenda monasteri ya Santa Paula, ambako masista wanauza jemu zao, akanunua chupa moja ya danzi. Aliibeba kama mtu aliyebeba yai.

Sasa niseme lililonikuta tarehe 24, maana hapa ndipo nilipokosea.

Hispania mkesha wa Krismasi ni wa familia. Maduka yanafunga mapema, mikahawa inafunga, kufikia jioni watu wote wako mezani kwao. Sisi tulizurura tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na orodha, nataka kuona kila kitu, na yeye alitaka kukaa tu kando ya mto Guadalquivir aangalie maji. Nilikuwa namvuta. Kufikia saa mbili usiku hatukuwa na chakula, milango yote imefungwa, baridi imeshuka, na njaa inauma. Akasema kwa upole kwamba tungenunua mkate mchana kama alivyoshauri. Nikamjibu, "Wewe ungejuaje? Krismasi si yako."

Hakunijibu. Tulitembea karibu saa nzima bila neno. Tukapata kiduka cha Wachina kimewashwa taa, tukanunua mkate, zeituni na jodari wa kopo, tukala kwenye ngazi za nyumba ya mtu. Halafu nikamwambia nataka kwenda misa ya usiku, ambayo kule huitwa Misa ya Jogoo, naye arudi hosteli akalale. Akasema, "Usiku huu utatembea peke yako mji usioujua? Twende." Akanisindikiza, akakaa benchi la mwisho na mtandio wake kichwani, mpaka misa ikaisha. Nilipopiga magoti niliomba msamaha wa Mungu, na nilipotoka nje nikaomba wake. Akasema yameisha. Lakini mimi bado nalikumbuka lile neno langu, na naliandika hapa kwa sababu nimewahi kuumizwa na mtu aliyenifungia mlango wa Krismasi, kisha mwaka mmoja baadaye nikamfungia mwenzangu mlango huohuo. Mtu anayekubali kutumia likizo yake ya mwaka ili wewe usilie peke yako, huyo Krismasi ni yake kuliko hata ndugu zako wa damu.

Kwa hiyo, nunueni chakula tarehe 24 kabla ya adhuhuri. Na kama mmoja wenu ni Mwislamu, someni karatasi za vitamutamu. Kule hosteli waliweka sahani ya mantecado, visheti vya Krismasi vya unga na sukari, vinatengenezwa sana mkoa huohuo wa Sevilla. Mwenzangu alishakinyanyua kimoja nilipoona neno "cerdo" kwenye karatasi. Ni nguruwe. Kwa kawaida hukandwa kwa mafuta yake. Viko vinavyokandwa kwa mafuta ya zeituni, mtafute hivyo.

Tarehe 25 karibu kila chenye tiketi kimefungwa, pamoja na Alcázar, jumba la wafalme. Usiumie, siku hiyo ni ya miguu. Na usidamke alfajiri kama ulivyozoea: jua linachomoza karibu saa mbili na nusu, kwa sababu Hispania inafuata saa za Ulaya ya kati wakati yenyewe iko magharibi kabisa. Tulikwenda Plaza de España, uwanja wa nusu duara uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929, wenye vibaraza vya vigae, kila kimoja kwa mkoa wake. Tulikaa kwenye kibaraza kimoja saa mbili nzima tukila machungwa matamu ya dukani, jua limetupiga usoni, na safari hii sikumvuta mtu. Mama alipopiga simu nilimgeuzia kamera aone anga. Akauliza, "Huko ni Ulaya kweli?" Nilijisikia vizuri sana, sifichi. Nilikuwa na sababu ya kujibu nimeshiba, na ilikuwa kweli.

Jioni tukapita mtaa unaoitwa Conde Negro, maana yake Kabaila Mweusi. Mtaa umepewa jina la Juan de Valladolid, Mwafrika ambaye mwaka 1475 wafalme Isabel na Fernando walimteua kuwa hakimu wa watu weusi wa mji huu. Walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa watumwa. Karibu na hapo kuna kanisa dogo la udugu ulioanzishwa na askofu mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili yao. Mimi nilidhani ndimi wa kwanza kuwa mbali na nyumbani sikukuu hii. Nilisimama pale nikawaza ni wangapi walisikia kengele za Krismasi mitaa hii hii, bila simu ya mama wala tiketi ya kurudi.

Tarehe 26 tulipanda Giralda, mnara wa kanisa kuu. Ulijengwa na Waislamu mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti. Mji ulipotekwa mwaka 1248 ukageuzwa kuwa wa kanisa, baadaye ukaongezwa juu na kuwekwa kengele. Ndani hauna ngazi isipokuwa mwishoni. Unapanda kwa njia za mwinamo 35, na husemwa kwamba mwadhini alikuwa akipanda na farasi. Mwenzangu alipanda kimya. Juu kabisa akashika ukuta, akasema, "Hapa palikuwa pakiadhiniwa." Tukasimama tukitazama mto, ambao jina lake ni la Kiarabu, al-wadi al-kabir, bonde kubwa. Kuna siku yangu ndani ya mji ule na kuna siku yake, na zote mbili zilitosha likizo moja.

Gharama yote, nauli, kitanda, viingilio na chakula, ilikuwa yuro 279 kwa kila mmoja. Siri ni mfuko mmoja: kila asubuhi kila mtu anaweka yuro 15, vyote vinanunuliwa humo, na kikiisha kimeisha. Hakuna kuhesabiana nani kalipa chai. Chukueni na soksi nzito, kwa sababu usiku hushuka mpaka nyuzi sita, hosteli sakafu ni vigae, na ya kwetu haikuwa na mashine ya kupasha joto.

Mnaoniandikia kwamba hamna wa kwenda naye, mnao. Yuko kwenye zamu yenu, yuko jiko la bweni, anapika ugali peke yake usiku kama wewe. Mwambie mwezi wa tisa, usingoje wa kumi na mbili. Acheni kukaa na simu mkononi mkingoja ndugu aseme karibu. Mimi nilingoja, na najua nilichopata. Usichague rafiki wa picha. Chagua atakayekusindikiza misani hata umemkosea.

Alfajiri ya tarehe 27, uwanja wa ndege, tulikumbuka kwamba jemu inahesabiwa kama kimiminika, na chupa ya masista ilikuwa zaidi ya mililita mia. Pale mbele ya mashine za ukaguzi kuna pipa, na lilikuwa limeshajaa chupa za watu. Mwenzangu akatoka kwenye foleni, akakaa chini juu ya begi lake. Nikatoa nusu ya mkate uliobaki, yeye akatoa kijiko, tukala jemu yote ya danzi pale pale, mpaka kijiko kikagonga chini ya chupa.