Morgon ya 2009: imeharibika au ndo imeiva?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi Mtanzania naishi huku Lyon, Ufaransa. Mzee mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi kastaafu, siku ya kuagana kanipa chupa ya waini nyekundu imeandikwa Morgon 2009, anasema imelala stoo ya chini nyumbani kwake tangu ainunue. Nimeulizia kwa washkaji, mmoja kaniambia hiyo ni Beaujolais na Beaujolais hainywewi ikishapita mwaka, sasa hivi ni siki tu nipikie mchuzi. Mwingine kasema imetoka kwenye zabibu za Gamay na Gamay haikai. Wife anataka tuifungue Jumapili. Tuifungue kweli? Na nitajuaje kama bado nzima? – Msomaji, Lyon

JIBU: Kaka yangu, naomba sana hiyo chupa isiende kwenye sufuria.

Washkaji wako wamechanganya vitu viwili. Kuna Beaujolais Nouveau, ile inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka, wiki chache tu baada ya mavuno, hiyo kweli imetengenezwa inywewe mapema na ndo iliyofanya watu kila kona waamini kwamba Gamay yote iko hivyo. Halafu kuna yale maeneo 10 ya kaskazini mwa Beaujolais, hilo eneo la mashamba ya zabibu karibu na Lyon, ambayo Wafaransa wanayaita cru, yaani Morgon, Moulin-à-Vent, Fleurie, Juliénas, Chénas na wenzao, na huko lebo inabeba jina la eneo lenyewe, neno Beaujolais mara nyingi hulioni kabisa, ndo maana hata watu wa hapo hapo Lyon wanapishana. Morgon na Moulin-à-Vent ndo zinazosifika zaidi kwa kukaa, na 2009 ulikuwa mwaka wa jua, zabibu ziliiva vizuri mno, waini za mwaka ule zilianza zimeshiba. Kama stoo ya mzee ilikuwa na ubaridi usiopandapanda, mi nina matumaini makubwa.

Hii zabibu ya Gamay, ambayo ndo inatengeneza Morgon, imesemwa vibaya siku nyingi. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, jimbo la waini lililo kaskazini mwa Beaujolais, alitoa amri ing'olewe kwenye ardhi yake, akaiita mmea mbaya na usio mwaminifu, yeye alikuwa anataka Pinot Noir tu, zabibu nyekundu ya huko Burgundy. Ikaja kupata makazi yake kusini zaidi, kwenye vilima vya mawe ya itale vya Beaujolais ambako imekubali kuliko mahali pengine popote. Sasa vipimo vya vinasaba vimekuja kuonyesha kwamba Gamay ni mtoto wa hiyo hiyo Pinot Noir na zabibu nyeupe ya kizamani inaitwa Gouais Blanc! Nakwambia hili kwa sababu utakutana nalo kwenye glasi, Morgon nzuri ikishakaa miaka inaanza kunukia kama mzazi wake, na wapo waonjaji wazoefu wanaopewa bila kuonyeshwa lebo wakasema hii ni Burgundy.

Haya, Jumapili. Chupa isimamishe wima tangu Jumamosi asubuhi ili mashapo yashuke chini, waini ya umri huu mara nyingi huwa nayo na hayana madhara, ila yakiingia mdomoni yanakera. Usiiache sebuleni ikapata joto, iweke friji kama nusu saa kabla ya kuifungua, inapendeza ikiwa nyuzi 14 hadi 16. Kizibo kinaweza kuwa kimelegea kwa hiyo usikivute kwa nguvu, ukipata kile kifungulio chenye vyuma viwili bapa vinavyopita pembeni ya kizibo ni bora zaidi, na kikimeguka vipande vikadondokea ndani usipanike, pitisha kwenye chujio safi basi. Kitu ambacho sitaki ufanye ni kuimimina kwenye jagi masaa matatu kabla ya chakula kama wanavyofanya kwa waini changa, hii ya zamani harufu yake ni nyepesi, inaweza kukata hata wageni hawajakaa mezani. Fungua, mimina kidogo kidogo, onja.

Kabla hujaonja inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Katikati utaona wekundu wa komamanga, pembeni inafifia kuelekea rangi ya tofali, na hapo ndo umri unaonekana, ile zambarau ya Gamay changa haipo tena. Ikiwa yote kahawia kama chai ya rangi, imechoka. Kisha nusa, na ukikuta harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu usiihukumu hapo hapo, iache dakika kumi uzungushe glasi taratibu urudi tena. Hapo ndo inaanza kusema: cheri zilizokaushwa, majani makavu, udongo wa msituni baada ya mvua, uyoga, saa nyingine ngozi kwa mbali, na inabadilika kila ukirudi, ya saa moja usiku sio ya saa mbili. Mi naipendea hicho kuliko kitu kingine chochote.

Harufu ambazo hutakiwi kuzivumilia ni boksi lililolowa, hiyo ni kizibo kilichoathirika na haitoki hata ungoje usiku kucha, au siki na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hapo pole, mwaga.

Mdomoni usitafute utamu wala tunda bichi, ukitafuta hivyo utasema imepooza. Gamay tangu mwanzo haina ukakasi mwingi, kwa sehemu ni kwa sababu huko Beaujolais vichala vingi huingizwa kwenye pipa vizima bila kupondwa na kuchachuka kunaanzia ndani ya punje yenyewe, na huo ukakasi kidogo uliokuwepo sasa umelainika unapita kama haupo. Kinachoibeba waini ya umri huu ni ugwadu, utausikia mate yakijaa pembeni ya ulimi, kisha meza na utulie usikilize ladha inabaki muda gani. Ikibaki ndefu na safi, mzee kakupa zawadi ya maana. Wife akisema haipendi, mwache, wapo wengi wanaopenda waini changa yenye tunda na hawajakosea kitu.

Mezani weka kuku wa kuoka na uyoga, au jibini ya Comté. Pilipili siku hiyo hapana kabisa, itaifunika yote. Na mmalizie usiku huo huo, chupa kama hii kesho yake haiwi vile. Kama mzee anakaa karibu mkaribisheni, alivyoitunza miaka yote hiyo anastahili glasi.

SWALI: Dada, mgeni alituletea Beaujolais Nouveau ya 2019, iko juu ya friji mpaka leo hapa Dar. Nikiiacha ifike miaka kumi itakuwa kama hizo za kizee? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Haitakuwa, mdogo wangu. Nouveau haikutengenezwa ikae, na juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote, joto la Dar tosha halafu na joto la mashine na mtetemo. Waini ya kukaa inataka kama nyuzi 12 au 13, giza, na chupa ilazwe ili kizibo kisikauke. Hiyo yako ipoze uifungue leo, ikiwa haina harufu wala ladha usijilazimishe kuinywa. Ukitaka kuanza kutunza kweli, mwambie mgeni wako safari ijayo alete Morgon au Moulin-à-Vent, na kabla hajafika uwe umeshapata pa kuiweka.