Maswali ya Wasomaji: Kushika Oksijeni na Kuiachia

SWALI: Mwandishi wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Iringa. Tumefundishwa kwamba mayoglobini iliyomo katika misuli hushika oksijeni kwa nguvu kuliko hemoglobini iliyomo katika damu. Ikiwa ni hivyo, kwa nini damu haitumii mayoglobini, ambayo inaonekana kuwa hodari zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kulishangaa, nami nimefurahi kwamba wewe umelishangaa. Mchukuzi hapimwi kwa kushika peke yake. Mzigo usioshushwa haumfai aliyeuagiza.

Protini hizi mbili ni ndugu. Kila moja ina kiungo kiitwacho hemu, na katikati ya hemu pana atomu moja ya madini ya chuma, ambapo ndipo molekuli ya oksijeni hukaa. Mayoglobini ni mnyororo mmoja wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, wenye hemu moja. Hemoglobini ni minyororo minne iliyoshikamana, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta, kila mmoja ukiwa na hemu yake. Bila hemoglobini, mililita 100 za damu zingeyeyusha mililita 0.3 hivi za oksijeni. Ikiwamo, damu ya mtu mzima mwenye afya huchukua karibu mililita 20.

Sasa ifuate damu safarini. Katika mapafu shinikizo la oksijeni ni karibu milimita 100 za zebaki, na hapo protini zote mbili hujaa kwa zaidi ya asilimia 95. Katika tishu za mtu aliyetulia shinikizo hushuka hadi karibu 40, na katika misuli ya mtu anayekimbia linaweza kufika 20 au chini yake. Hemoglobini inapofika penye 40 hubaki na asilimia 75 hivi ya mzigo wake, na penye 20 hubaki na kama theluthi moja. Mayoglobini, ingekuwa ndiyo iliyopewa kazi hiyo, ingefika penye 20 ikiwa bado imekumbatia karibu asilimia 90 na kuirudisha mapafuni. Ili iachie nusu ya oksijeni yake, shinikizo lazima lishuke mpaka milimita 3 hivi, ilhali hemoglobini huachia nusu penye 26 au 27. Mkimbiaji angeanguka huku damu yake imejaa oksijeni.

Hemoglobini hupata uwezo huo kwa sababu minyororo yake minne husikilizana. Wafikirie watu wanne waliojifunika shuka moja: mmoja akigeuka, wote huhisi. Oksijeni ya kwanza inapokaa juu ya chuma, chuma hicho husogea kidogo sana na kuivuta asidi amino ya histidini iliyofungamana nacho; mvuto huo huusogeza mnyororo mzima, vifungo vilivyokuwa vimeibana minyororo pamoja hukatika, na hemu zilizobaki hupokea oksijeni kwa wepesi zaidi. Penye uhaba mambo hugeuka: moja ikitoka, nyingine hutoka kwa urahisi. Ndiyo maana katika kitabu chako mchoro wa jinsi hemoglobini inavyojaa oksijeni kadiri shinikizo linavyopanda una umbo la herufi S, na wa mayoglobini, isiyo na mwenzake wa kusikilizana naye, hupanda ghafla kisha ukalala. Max Perutz alianza kuichunguza hemoglobini huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1930, na hakuliona umbo lake mpaka mwaka 1959. Mwenzake John Kendrew alikuwa amekwisha kupata umbo la mayoglobini mwaka 1958, naye alitumia nyama ya nyangumi. Mwaka 1962 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Subira ya Perutz hunigusa kila ninapoieleza habari hii.

Liko na jambo jingine, ambalo Christian Bohr na wenzake wa Copenhagen walilieleza mwaka 1904. Misuli inayofanya kazi hutoa kaboni dioksaidi na tindikali, na vitu hivyo huifanya hemoglobini ilegeze mkono zaidi, hivi kwamba oksijeni hushushwa kwa wingi palepale inapohitajiwa.

Usiidharau mayoglobini, lakini. Kushika kwake kwa nguvu kunaifaa kwa kazi yake yenyewe, ambayo ni kutunza akiba. Hupokea kutoka kwa hemoglobini na kuachia pale tu misuli inapokaribia kuishiwa. Nyangumi wa aina aliyoitumia Kendrew, anayeweza kukaa chini ya maji kwa zaidi ya saa nzima, ana mayoglobini nyingi kiasi kwamba nyama yake hukaribia kuwa nyeusi.

SWALI: Nanunua nyama ya ng'ombe buchani, na nikifika nyumbani nakuta maji mekundu katika mfuko. Je, mnyama hakutolewa damu ipasavyo?

JIBU: Ondoa shaka, ndugu msomaji. Mnyama akichinjwa, sehemu kubwa ya damu humtoka. Yale mekundu ni maji ya nyama yenyewe yaliyochanganyika na mayoglobini. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau iliyokoza ndani, kisha juu, inapopata hewa, huwa nyekundu ya kung'aa. Ikikaa zaidi, chuma chake hupoteza elektroni na rangi huwa ya kahawia. Ni kwa sababu ya wingi wa mayoglobini hiyohiyo katika misuli inayotumika sana kwamba paja la kuku, anayetembea kutwa, lina rangi iliyokoza kuliko kifua chake, na nyama ya jodari, samaki asiyeacha kuogelea, ni nyekundu ilhali ya changu ni nyeupe.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Njombe. Wakati wa baridi tunaingiza jiko la mkaa chumbani tunapolala. Majirani wanasema mkaa ukishakolea na moshi kuisha hauna madhara. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, si kweli, nami nakuomba ulitoe jiko hilo usiku wa leo. Mkaa uliokolea usio na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika chuma cha hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubaya wake hauishii katika kunyang'anya nafasi. Ikikaa juu ya hemu mbili kati ya nne, zile mbili zilizobaki na oksijeni huishika kwa nguvu zaidi na kukataa kuiachia, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Iringa kuhusu minyororo inayosikilizana. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa damu hadi kubaki na nusu ya hemoglobini yake anaweza bado kutembea, ingawa kwa taabu, lakini yule ambaye nusu ya hemoglobini yake imeshikwa na gesi hii hupoteza fahamu na yumo katika hatari ya kufa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha kulala huenda asiamke kuzihisi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje penye hewa safi upesi na umpeleke hospitali, ambako atapewa oksijeni kwa wingi ili iifukuze gesi ile. Mwambie daktari waziwazi kwamba palikuwa na jiko la mkaa, kwa kuwa kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni cha kawaida hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini.