Nilikula samaki Kisumu peke yangu, sasa mume wangu anasema nina mwanamume

Shangazi, pokea salamu kutoka Nakuru. Nina miaka 51, ni karani, na kitinda mimba wetu alijiunga na chuo kikuu mwaka jana. Tangu nyumba inyamaze nimejikuta nikipenda mambo: filamu usiku kwenye simu, mapishi ambayo watoto walikuwa wakiyakataa, na zaidi ya yote kutazama ndege. Mwezi uliopita nilimwambia mume wangu naenda matangani Kericho, nikapitiliza hadi Kisumu, nikala samaki kwenye ufuo wa Dunga na kutembea kando ya ziwa. Kumbe jirani yetu aliniona. Mume wangu, ambaye kila Jumamosi hutazama mpira na wenzake hadi usiku, sasa hasemi nami. Anaamini kuna mwanamume. Dada yangu mkubwa naye anasema mama wa umri wangu anayezurura ana lake jambo. Natamani sana kuona ndege wa msitu wa Kakamega. Je, nimekosa? Niache?

Dada yangu, usiache. Lakini kabla hujapanda matatu nyingine una kazi nyumbani, na ni kazi ya usiku wa leo.

Samaki si kosa. Kosa ni matanga. Ulizua kifo ili upate siku yako moja, na mumeo alipogundua hakuna aliyekufa, alijiuliza swali ambalo hata wewe ungejiuliza: kama ni samaki tu, mbona anifiche? Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umefika mwisho wake. Mketishe, umwombe msamaha kwa uongo huo bila kuchanganya na mambo ya mpira wake. Kisha msimulie siku nzima: ulipanda gari saa ngapi, ulikaa wapi, ulilipa pesa ngapi, ulimsalimia nani. Usifupishe. Maelezo mafupi ndiyo yanayotia shaka.

Halafu mwambie kwa nini ulidanganya, kwa sababu hapo ndipo barua yako iliponiuma. Uliona aibu kusema, "Baba watoto, Jumamosi nataka kwenda kula samaki na kutazama ziwa." Yeye akienda kwenye mpira, watu husema amekwenda kupumzika. Mwanamke akitoka, lazima pawe na mgonjwa, chama, harusi au msiba. Akisema anatoka kwa sababu anapenda tu, watu huanza kutafuta sababu ya pili. Wewe ulijua wataitafuta, ukawapa ya uongo mapema. Naelewa kabisa, na bado nakuambia usirudie. Kila safari utakayoifunika kwa mgonjwa au msiba itakuwa ushahidi kwamba kutoka kwako kuna ubaya.

Umenieleza siku hiyo kwa mstari mmoja, lakini Dunga napajua. Unamchagua mwenyewe ngege, yaani tilapia, anachanjwa mbavuni, anatiwa chumvi na kutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka mpaka ngozi inakauka na mapezi yanavunjika ukiyagusa. Ukitaka mchuzi, anarudishwa kwenye sufuria na nyanya na vitunguu. Analetwa mzima, na ugali na sukuma wiki, na unanawa mikono mezani. Samaki wa namna hiyo haliwi kwa haraka. Mama aliyelea watoto amekula miaka mingi akiwa amesimama, akiwatolea wengine miiba, na sehemu yake ni ile iliyobaki. Kuketi mbele ya samaki mzima ambaye hutamgawia mtu si uchoyo. Ni chakula chako, umekilipia.

Na kwa kuwa unapenda ndege, safari ijayo usiishie mezani. Pale Dunga kuna kinamasi cha mafunjo, na ndani yake anaishi ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, mwenye utosi wa manjano, ambaye karibu hapatikani nje ya mafunjo. Mafunjo yakikatwa yote, naye hana pa kwenda. Wavuvi wengi wa hapo wanajua anakokaa. Uliza.

Najua wapo watakaokuambia ungoje kustaafu. Wewe ni mtu wa Nakuru, unajua yaliyotokea ziwani kwenu. Kwa miaka mingi watu walipita barabarani wakiona ukingo wote wa waridi kwa ndege heroe (flamingo), wakasema tutaingia mbugani siku moja. Kisha kuanzia miaka ya 2010 maji yalipanda, magadi yakapungua makali, chakula chao kikawa haba, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Magoti nayo yana kalenda yake. Ngazi na vilima unavyoviweza ukiwa na 51 huenda usiviweze ukiwa na 65.

Kuhusu pesa sina mengi. Karo na madeni kwanza, halafu mpatane kiasi kidogo cha kila mwezi ambacho ni chako na hakiulizwi, na yeye awe na chake. Kisizidi. Kikiisha, ngoja mwezi ujao.

Mwalike mumeo mara moja, kwa moyo mweupe. Akikubali, vizuri. Akisema ndege hawamhusu, usimburute, kwa maana mtu aliyeburutwa atakuuliza kila nusu saa mnaondoka lini, na siku itaharibika kwenu wote wawili. Nenda, na umwachie jina la mahali utakapolala na siku ya kurudi. Akiendelea kununa hata baada ya kuujua ukweli wote, waiteni wale waliosimamia harusi yenu wakae nanyi. Mwanamume aliyeingiwa na shaka mara nyingi husikia neno la mzee mwenzake kuliko la mkewe, na hapo huna haja ya kuona haya.

Dada yako msalimie, umuulize hali ya mifugo. Hana ruhusa ya kutoa wala ya kunyima.

Sasa Kakamega. Lala mjini, ufike msituni alfajiri, upande wa Isecheno au wa Buyangu. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, maana bila yeye utasikia sauti mia na usione hata bawa. Mwambie unamtaka shorobo mkubwa wa samawati: ndege wa urefu wa takriban sentimita 75, ana kishungi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, haruki vizuri lakini hukimbia juu ya matawi kwa wepesi wa ajabu. Upande wa Buyangu kuna kilima unachoweza kupanda polepole na kuuona msitu wote ukiwa chini yako. Vaa viatu visivyoteleza na suruali ndefu kwa ajili ya siafu. Mvua ya huko hupenda kuja alasiri, kwa hiyo beba koti, na ifikapo saa saba uwe umeanza kutoka.